Aliyenitafutia Kazi Nilikuwa Nimemrudishia Magunia

Kazi yangu ilikuwa kutunza stoo. Si stoo ya duka, ila ya kampuni ya utalii iliyokuwa na kambi za mahema Serengeti na Ngorongoro, na chakula chote cha kambi hizo kilitoka Arusha kwa Fuso. Watu wakisikia utalii wanawaza simba na dola. Mimi kutwa nilikuwa na mchele, mitungi ya gesi, sabuni, trei za mayai na kadi za stoo zilizoning'inia kwenye kila rafu. Simba nilimwona siku nilipopanda lori kwenda kuhesabu mali za mwisho wa mwaka, na alikuwa amelala.

Kazi ile ina nidhamu yake. Mpaka kambi ya mbali ni zaidi ya kilomita 300. Unapita Karatu, unaingia geti la Loduare, unazunguka ukingo wa kreta, unateremka hadi Naabi, geti la Serengeti, na sehemu kubwa ya njia ni vumbi na mtikisiko. Ukisahau chumvi, mpishi hana duka la kukimbilia. Nyanya unazipanga kwa siku za kuliwa: zilizoiva za leo na kesho, zenye wekundu kidogo za katikati ya wiki, za kijani za mwisho. Nilifanya hivyo miaka minane, na ukiniuliza nilikuwa mtu wa utalii au mtu wa magunia, nitakujibu bila kusita kwamba nilikuwa mtu wa magunia. Jibu hilo lilikuja kunisaidia kuliko cheti chochote nilichokuwa nacho.

Tarehe 16 Machi 2020 kilitangazwa kisa cha kwanza cha korona nchini, na kilikuwa hapa hapa Arusha. Mwezi uliofuata ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Mwaka 2019 nchi ilikuwa imepokea wageni zaidi ya milioni moja na nusu. Mwaka 2020 ulipofungwa walikuwa kama 620,000. Stoo yetu ilikuwa imejaa vitu vya msimu wa mwezi wa sita. Tukaanza kugawana vinavyoharibika, tukauza vinavyouzika, na kila mtu akawa anajua kinachokuja ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukitaja.

Barua tuliyopewa haikusema tumepunguzwa. Ilisema likizo bila malipo, hali ikitengemaa tutaitana. Baadhi yetu tulishukuru, maana ukiwa na barua ya namna hiyo bado unaweza kusema una kazi. Aliyetuamsha ni mama mmoja wa uhasibu ambaye zamani alikuwa kwenye uongozi wa chama cha wafanyakazi. Akatuambia, jamani, mtu aliye likizo bila malipo bado ni mwajiriwa. Notisi halipwi, kiinua mgongo halipwi, na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, akienda kudai fao la kukosa ajira atajibiwa kwamba ajira anayo.

Tukaomba kikao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, kisha ajadiliane na wafanyakazi: kama kuna njia ya kuepuka, nani ataondoka na kwa kigezo gani, na atalipwa nini. Tulikaa chini ya banda la gereji, katikati ya magari yaliyofunikwa maturubai. Sitasema kikao kilikuwa kitamu, ila hakikuwa cha matusi. Bosi naye alikuwa na madeni yake. Mwisho wake ikakubalika kwamba anayetaka kubaki likizo abaki, na anayetaka kupunguzwa apewe barua na haki zake. Mimi nikachukua barua.

Hesabu yenyewe niliipiga kwa kalamu yangu kabla hawajanipigia. Notisi ya siku 28. Likizo niliyokuwa sijaichukua. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na haivuki miaka 10. Kwa miaka yangu minane ni siku 56. Neno kiinua mgongo lina kishindo, mtu anaweza kuwaza kiwanja. Ukikokotoa unakuta ni mishahara miwili na kidogo, tena ya msingi, posho hazimo. Nikadai pia hati ya utumishi, ile karatasi inayoeleza ulianza lini, ukamaliza lini, ulikuwa nani. Wengi hawaidai kwa sababu haina hela ndani yake. Na kwa yule anayeona ameachishwa isivyo haki, siku za kupeleka shauri CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ni 30, hazimsubiri amalize kulia.

NSSF nilienda na barua, kitambulisho na moyo mdogo. Kwa aliyechangia angalau miezi 18, fao la kukosa ajira lilikuwa theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Si ya kutajirika, lakini kodi ya nyumba ilipata mahali pa kutokea. Uliye kazini leo, omba taarifa ya michango yako uone kama kila mwezi umo. Fundi mmoja wa gereji yetu alikuta mapengo kwenye taarifa yake siku ambayo tayari alikuwa nje, na kuziba mapengo ukiwa nje ni safari nyingine.

Deni la kikoba nikalilipa kwanza. Hiyo haihitaji maelezo, anayejua vikoba anajua.

Kuhusu kutafuta kazi, wiki za mwanzo nilifanya kama wanavyofanya wote. Nikaandika wasifu upya, nikachapisha nakala, nikazungusha bahasha. Tatizo lilikuwa kwamba mji mzima wa Arusha ulikuwa unazungusha bahasha ile ile. Waongozaji wenye Kifaransa na Kihispania, wapishi waliowahi kupikia mabalozi, wahudumu, madereva, wote tulikuwa barabarani, na hoteli tulizokuwa tunazipelekea zilikuwa zimefunga mageti kwa minyororo. Mlinzi alikuwa anapokea bahasha kwa adabu, anaiweka juu ya nyingine. Kuna geti moja nililoliona lundo lenyewe kwa macho yangu, nikaondoka na bahasha yangu mkononi.

Wakaja na wale wa ujumbe wa simu. Umechaguliwa kwenye usaili, tuma ya fomu, tuma ya vipimo vya afya, tuma kwa namba hii. Jina la kampuni wanalotumia ni la kweli, namba ndiyo ya kwao. Jirani yangu alituma, mara ya kwanza na ya pili. Sikumcheka. Mtu asiye na kazi anaposoma neno "hongera" mikono inatetemeka.

Na ndugu. Ndugu walinipenda sana kipindi kile, nisiwasingizie. Kila mmoja aliniambia, "Nitakuangalizia." Mjomba akanitafutia mpaka Moshi. Siku moja akanipigia akiwa na furaha, kuna ofisi inataka mtu wa mapokezi anayejua Kifaransa. Nikamwambia, "Mjomba, mimi Kifaransa nakitoa wapi?" Akashangaa: "Si ulikuwa utalii?" Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Mjomba ananijua tangu nazaliwa, lakini hajawahi kuniona nikifanya kazi. Angeniombea vipi kazi asiyoijua? Alichokuwa anakipeleka kwa watu ni huruma, "nina mpwa wangu kapunguzwa, msaidieni," na mwaka ule huruma kila mtu alikuwa nayo kwake nyumbani.

Mchongo wa kwanza ulitoka nisikokutarajia. Kaka aliyekuwa akituletea vipuri vya magari alinipigia kuuliza kama tunafungua lini, maana alikuwa anatudai. Nikamwambia hatufungui, na mimi mwenyewe nimeshatoka. Akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, si wewe ndiye uliyekuwa unahesabu filta moja moja hata boksi likiwa halijafunguliwa?" Nikasema ndiye. Duka lao lilikuwa linataka kuhesabu mali, na mwenye duka alikuwa hawaamini vijana wake. Nikapata kibarua. Malipo yalikuwa madogo, ila nikarudi nyumbani nikakaa mezani na daftari.

Sikuandika marafiki wala ndugu. Niliandika watu waliowahi kusimama kwenye mlango wa stoo yangu. Muuza mboga wa Tengeru, wale wa gesi, fundi wa majokofu, kijana wa ukaguzi wa hesabu aliyekuja kila mwaka na kompyuta yake, dereva wa maziwa, mama wa mayai. Hawa hawakujua kwetu ni wapi, hata jina langu la pili wengi hawakulijua. Ila wote walijua ninavyopokea mzigo. Nikawapigia mmoja mmoja, na sikuwaeleza shida zangu. Niliwaambia: stoo ya chakula, kupokea, kupima, kuhesabu, nimetoka kampuni ile, nipo, ukisikia mahali vitu vinapotea, nitaje. Hayo ya vitu vinapotea niliyaongeza baada ya simu chache, nikaona sauti za watu zinabadilika. Mwenye biashara anayeambiwa kuna mtu anatafuta kazi anaguna. Akiambiwa kuna mtu anazuia upotevu anauliza namba.

Kuna mmoja sikumwandika kwenye daftari, naye ni mama wa maharage wa soko la Kilombero. Kisa chetu ni cha miaka kabla. Alileta magunia ya maharage ya njano, mazuri kwa macho, bei nzuri. Nikatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, huko ndani nikakuta ubaridi. Gunia la maharage makavu halina ubaridi wa namna ile. Nikachukua chupa kavu ya soda, nikatia punje kama theluthi yake, nikaongeza chumvi iliyokauka vizuri, nikaziba, nikatikisa, nikaiweka mezani tukaanza kupiga stori za mvua. Baada ya robo saa chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo kuzunguka chupa nzima. Ikiganda hivyo, punje zina maji, na maharage yenye maji ukiyafungia kwenye stoo ya kambi yatakuja kufunguliwa yana ukungu. Nikaandika kwenye delivari noti kwamba mzigo umekataliwa, nikasaini. Mama akaniangalia akasema, "Wewe binti, maharage yangu yamekukosea nini?" Akalipa vijana wa kupakua, akalipa tena wa kupakia, akaondoka bila kuniaga. Baadaye aliendelea kutuuzia, makavu kabisa, lakini salamu zake zilikuwa za mkato.

Juni nikakutana naye sokoni. Nilikuwa nimeenda kununua kilo mbili za nyumbani, na nilijaribu kupitia upande mwingine, akaniita. "Siku hizi huji na lori?" Nikamwamkia, nikamweleza. Akaniuliza maswali kama ya polisi: umeachishwa kwa wizi? Una barua? Mabosi wako wanaweza kukuongelea? Kisha akachukua simu, akampigia mhasibu wa shule moja ya bweni upande wa barabara ya Moshi, akaweka sauti ya nje nisikie. Serikali ilikuwa imetangaza shule zifunguliwe tarehe 29, na mtunza stoo wao alikuwa hajarudi. Akasema hivi, neno kwa neno nalikumbuka: "Nina binti hapa. Huyu ndiye aliyenirudishia magunia mbele ya vijana wangu. Mchukueni."

Nilimuuliza kwa nini, maana muuzaji gani anataka mpokeaji mkali? Akanieleza huku akipima maharage ya mteja. Pale shuleni walikuwa wanapokea lolote. Anayeleta maharage mabichi anashinda zabuni kwa sababu anauza na maji. Yeye anakausha, uzito unapungua, bei yake inaonekana kubwa, anakosa. "Wewe ukiwepo pale," akasema, "yule wa maji hapiti." Hakuwa ananionea huruma, na nilishukuru kwa hilo kuliko angeniambia pole.

Usaili ulifanyika ndani ya stoo. Mhasibu alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi. Alinipa daftari la kupokelea vitu nilisome, nami nikamwomba kwanza nione sakafu. Magunia ya unga yalikuwa yamelazwa juu ya saruji tupu na kuegemezwa ukutani. Nikainua kona ya gunia la chini, chini yake palikuwa na alama ya unyevu na vidudu viwili vitatu vikikimbia. Nikamwambia hapa panahitaji mbao za kuinulia, na nafasi ya mtu kupita kati ya ukuta na gunia, ili panya wasipate pa kujificha na mimi nipate pa kufagia. Hakuniuliza udhaifu wangu ni upi wala nitajiona wapi baada ya miaka mitano. Aliuliza kama mbao za zamani za vitanda zinafaa. Nikasema zinafaa sana.

Mshahara ulikuwa pungufu kuliko wa zamani, na posho za safari hakuna. Nilijadiliana mambo ambayo wao yaliwagharimu kidogo na mimi yalinifaa: mkataba wa maandishi, michango ya NSSF kuanzia mwezi wa kwanza, chakula cha mchana, na likizo za shule nisiitwe ila kwa kuhesabu mali. Hilo la mwisho lilinipa nafasi ya kuendelea na vibarua vya kuhesabu maduka. Nilikuwa nimeshaonja kutegemea mlango mmoja.

Ugumu haukuwa kwenye magunia, ulikuwa kwa mpishi mkuu. Dada huyu alikuwa amepikia shule ile miaka mingi, na alikuwa anachukua unga kwa ndoo. Nikaleta mzani. Akaniambia, "Mimi napika kwa macho, mdogo wangu." Sikubishana. Nilimwomba tu kila asubuhi aniletee ndoo yake niipime kabla hajaondoka nayo, asibadilishe chochote. Ndoo ile ile, mikono ile ile, na uzito ulikuwa unatofautiana kilo mpaka tatu kutegemea unga umeshindiliwa au umejazwa juu juu. Wiki ilipoisha nilimwonyesha karatasi yeye kwanza, kabla ya mhasibu. Aliitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Ndiyo maana siku nyingine ugali unabaki na siku nyingine watoto wanalalamika." Toka siku hiyo akawa yeye ndiye anayenikumbusha mzani. Ningeipeleka kwa mhasibu kwanza, ningepata adui mwenye mwiko.

Aibu ilikuwepo, nisijifanye jasiri. Kuna siku lori la kampuni ya zamani lilipita nikiwa nashusha mkungu wa ndizi kwenye pikipiki, dereva akapiga honi, nikajifanya sikusikia. Baadaye nikasikia na yeye alikuwa anauza mitumba jioni. Arusha yote ilikuwa hivyo mwaka ule, kila mtu anajificha kwa mwenzake ambaye naye anajificha.

Wageni walirudi. Mwaka 2022 walikaribia hesabu ya kabla ya korona, na 2023 waliivuka, wakafika zaidi ya milioni 1.8. Kampuni yangu ya zamani ikanipigia, kwa heshima kabisa, turudi kama zamani. Niliomba wanitumie mkataba nisome kabla ya kusema lolote. Ulikuwa wa msimu: Juni mpaka Machi, Aprili na Mei hakuna malipo. Mshahara wa mwezi ulikuwa juu kuliko wa shule. Nikagawanya kwa miezi kumi na miwili, nikaongeza vibarua vyangu vya likizo upande wa pili, tofauti ikawa ya kununulia vocha. Nikawashukuru, nikasema nabaki.

Wakaniomba basi niwape mtu. Nikawatajia kijana aliyekuwa akipakia Fuso zetu enzi zile, ambaye wakati huo alikuwa anaendesha bodaboda ya mtu. Wakauliza ana cheti gani. Nikasema cheti chake sikijui. Ninachojua ni kwamba akimaliza kufunga turubai anashuka, analizunguka lori zima, kisha anapanda tena kukaza kamba. Wakasema aje Jumatatu.